Bowling Green: Mji Uliojengwa Juu ya Mapango

Mji wa Bowling Green umo katika jimbo la Kentucky, upande wa kusini wa Marekani, kiasi cha kilometa 105 kaskazini ya Nashville. Si mji mkubwa: hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilionyesha wakazi 72,294. Una chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1906, nacho kimejengwa juu ya kilima. Una mto uitwao Barren. Na una kiwanda ambacho tangu mwaka 1981 huunda magari ya fahari ya Chevrolet Corvette.

Msomaji wa Kiswahili anayo sababu ya kuufahamu mji huu. Katika miaka ya 1990 ulipokea wakimbizi kutoka Bosnia, na baadaye watu wa mataifa mengine, wakiwamo Wakongo wengi. Baadhi ya hao waliishi miaka mingi katika kambi za nchi jirani, kama vile Nyarugusu iliyoko mkoani Kigoma. Ndiyo maana leo Kiswahili husikika huko madukani na makanisani.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la huko ni zamu ya kiwandani, iwe kwenye vipuri vya magari au kwenye nyama ya kuku. Baada ya miaka michache ya zamu hizo, mume na mke huanza kuulizana swali moja: je, waendelee kumlipa mwenye nyumba pango kila mwezi, au wanunue nyumba yao wenyewe?

DENI LA MIAKA 30

Kwa kawaida mnunuzi wa huko halipi fedha taslimu. Hukopa benki, na nyumba yenyewe huwa rehani mpaka deni liishe, aghalabu baada ya miaka 30. Upo mpango wa serikali kuu, ulioanzishwa mwaka 1934, ambao huidhamini benki ili mtu mwenye kumbukumbu njema ya kulipa madeni aweze kununua kwa kutanguliza asilimia 3.5 tu ya bei.

Tuchukue mfano wa nyumba ya dola 200,000. Mnunuzi hutanguliza dola 7,000, kisha hukopa 193,000. Riba ikiwa asilimia 6 kwa mwaka, atalipa dola 1,157 hivi kila mwezi, na kwa miaka 30 atakuwa amelipa zaidi ya dola 416,000. Bado hajahesabu bima, kodi ya mali, wala paa linalovuja. Mpangaji humwita mwenye nyumba bomba likipasuka. Aliyenunua hana wa kumwita ila mfuko wake.

Askari wana njia yao. Kwa sheria ya mwaka 1944, waliotumikia jeshi walifunguliwa mlango wa mikopo ya nyumba yenye dhamana ya serikali, na hadi leo wengi wao huweza kununua bila kutanguliza chochote. Hata hivyo, baada ya Vita Kuu ya Pili askari wengi weusi wa majimbo ya kusini walirudi na haki hiyo mkononi, lakini benki zikawakatalia. Sheria iliyokataza kumnyima mtu nyumba au mkopo kwa sababu ya rangi, dini au asili yake ilipitishwa mwaka 1968.

MTAA ULIOTOWEKA

Katika mji huohuo palikuwa na mtaa wa Jonesville, uliojengwa na watu weusi baada ya utumwa kukomeshwa. Ulikuwa na nyumba zao, makanisa na maduka. Katika miaka ya 1950 na 1960 chuo kikuu kilipohitaji nafasi ya kupanuka, ardhi hiyo ilichukuliwa katika mpango wa kujenga miji upya. Wakazi walitawanyika, na leo mahali pao pana viwanja vya michezo. Watu wale walikuwa na hati, lakini hati haikuwapa sauti mbele ya wenye mamlaka.

ARDHI YENYEWE

Jambo la pili la kuangaliwa liko chini ya miguu. Mji umekaa juu ya mawe ya chokaa ambayo maji yameyatoboa kwa karne nyingi. Pango la Mammoth, ambalo ndilo refu kuliko yote yajulikanayo duniani, liko karibu. Tarehe 12 Februari, mwaka 2014, ardhi ilididimia ndani ya jumba la makumbusho la Corvette, na magari 8 yakatumbukia shimoni. Bima ya kawaida ya nyumba aghalabu hailipi hasara ya namna hiyo, wala ile ya mafuriko.

Aidha, kutoka katika miamba hupanda gesi ya radoni, isiyo na rangi wala harufu, ambayo ikivutwa kwa miaka mingi huweza kuleta saratani ya mapafu. Kipimo chake si ghali, na nyumba yenye kasoro huweza kurekebishwa.

Kisha kuna upepo. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba 2021, kimbunga kilipita mjini, kikabomoa mitaa na kuua zaidi ya watu 15, wakiwamo watoto. Baadhi ya waliokufa ni watu wa familia zilizokuwa zimekimbia vita kwao.

Hata hivyo watu wanajenga tena na wananunua. Mwenye busara hutanguliza mambo matatu kabla ya kutia sahihi: huajiri mkaguzi wake mwenyewe, asiyelipwa na dalali, huuliza majirani maji ya mvua huelekea wapi, na husoma mkataba wa bima mpaka ukurasa wa mwisho, kwa msaada wa mkalimani ikiwa Kiingereza bado ni kigumu. Haidhuru kama shughuli hiyo itachukua mwezi mmoja zaidi. Aliyekimbia pango la mwenye nyumba asije akanunua pango la ardhini.