Kimya Kingi Kina Mshindo

Jirani yangu ni askari wa Zimamoto ya Polisi hapa Kampala. Kila aitwapo usiku, mkewe na watoto hubaki macho mpaka arudi. Kwa ajili ya jamaa kama hao, yafaa sote tuyafahamu magari ya umeme.

Magari haya si mageni kwetu. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha gari la Kiira EV. Mwaka 2016 likafuata basi la Kayoola. Na leo pikipiki za umeme zinabeba abiria mjini.

Hatari ya kwanza ni ukimya. Gari likisimama halingurumi, na mtu hudhani limezimwa, kumbe laweza kuondoka ghafla. Mwokoaji huzuia kwanza magurudumu, kisha hulizima na kuuweka ufunguo mbali. Nyaya nene za rangi ya machungwa haziguswi wala hazikatwi, kwani hupitisha umeme wa mamia ya volti.

Betri ikishika moto hutoa moshi wenye sumu, nayo huhitaji maji mengi kwa muda mrefu ili ipoe. Hata ndimi za moto zikizimika, yaweza kuwaka tena baada ya saa kadhaa, au siku. Ndiyo maana gari hilo haliegeshwi karibu na nyumba.

Nasi raia tukae mbali, tupige simu 999, na tutaje mapema kwamba gari ni la umeme. Neno hilo laweza kumrudisha baba wa watu nyumbani salama.