Kupima Moto wa Nyumba

Katika nchi ya Ufaransa, tangu mwaka 2006, mwenye kuuza nyumba hana budi kumwita mpimaji kwanza. Huyu hutazama paa, kuta, madirisha na namna ya kutia joto, kisha huipa nyumba herufi, tangu A mpaka G, ili mnunuzi ajue nyumba hii yala moto kiasi gani. Huku kwetu Kasongo hatupigani na baridi. Moto wetu uko jikoni, juu ya mafiga matatu au ndani ya mbabula. Lakini nao wafaa kupimwa.

Mtu akisikia kwamba jiko lake litatazamwa, hutaka kulifagia, kuficha kuni mbichi, na siku ile kupika kidogo tu. Hayo siyo matayarisho, ni uwongo. Mgonjwa hajifanyi mzima mbele ya daktari, wala mwenye kuungama hafichi dhambi zake. Jitayarishe hivi: weka mahali pamoja kuni au makala ya juma zima, ukiyapima kwanza. Kila siku andika ni watu wangapi waliokula. Siku ya saba pima yaliyobaki. Hapo utajua kila mlaji ametumia kiasi gani.

Tena, mwache mama aseme. Yeye ndiye ajuaye sombe imechemka muda gani, kuni zipi hutoa moshi, na nani akohoa usiku. Akina baba wengi hujua bei ya gunia la makala, wasijue urefu wa njia ya binti aendaye kutafuta kuni. Shirika la Afya Duniani limekadiria ya kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu kama 3,200,000 ulimwenguni, na kati yao watoto wa chini ya miaka 5 zaidi ya 237,000.

Ukiisha kujua, dawa i karibu: kuni zianikwe, maharagwe yalowekwe tangu jana, sufuria ifunikwe, mafiga yazungushiwe ukuta wa udongo, moshi upewe tundu la kutokea.

Bwana Yezu aliweza kuzidisha mikate; hata hivyo, alipokwisha kulisha watu elfu tano, aliagiza vipande vikusanywe, visipotee. Yeye mwenye uwezo wote hakudharau makombo. Je, sisi tudharau kuni zilizoletwa mgongoni mwa mama zetu?