Macho Mawili ya Bwana Grant

Mtoto wa Kamuli ashike kalamu mbili, moja katika kila mkono, afumbe jicho moja, kisha ajaribu kuzikutanisha ncha zake upesi. Mara nyingi atakosa. Akifumbua macho yote mawili atapatia. Maana kila jicho hukiona kitu kwa upande wake, na akili huziunganisha picha hizo mbili ikajua umbali.

Kwa sababu hiyo mafundi wa zamani walifanya kamera yenye macho mawili. Chombo cha namna hiyo alikitumia Bwana James Grant, askari Mskoti, alipofika Unguja mwaka 1860 pamoja na Bwana Speke, wakienda kutafuta chanzo cha Nili. Kazi yenyewe ilikuwa mateso. Kioo kilipakwa dawa, kikachovywa katika dawa nyingine iliyotengenezwa kwa fedha, kikapigwa picha kingali kibichi, kisha kikaoshwa papo hapo ndani ya hema dogo lenye giza. Walipoanza safari ya bara, Speke aliona ya kuwa joto la hema lile litamwua mwenzake, akairudisha kamera Unguja. Alifanya vema, ingawa picha nyingi zilikoseka.

Basi walipofika Karagwe kwa Mfalme Rumanyika, Novemba 1861, Grant alichorea mkono uliokwisha kujeruhiwa vitani huko Uhindi. Mara mguu wake wa kulia ukavimba. Akabandikwa mavi ya ng'ombe, chumvi na matope ya ziwa, hakupata nafuu. Januari 1862 Speke akaenda Buganda, akamwacha. Walakini mgonjwa hakuacha kuchora, hata Aprili alipoondoka akichukuliwa kwa machela. Ila mchoro ni wa jicho moja: mlima hulala bapa juu ya karatasi.

Wala kamera yake isingalifaa sana kwa vilima. Macho yaliyoachana vidole vichache hayapimi mlima wa mbali; sharti yaachane sana. Wapiga picha wa angani walipata njia: picha moja hupigwa, ndege huendelea mbele, kisha hupigwa ya pili yenye sehemu ya nchi ile ile. Wako na watu wafungao kamera katika roketi ndogo za kuchezea, wakafanya vivyo hivyo roketi ikipanda. Picha hizo zikitazamwa pamoja, kila jicho na yake, kwa miwani ya kazi hiyo, mabonde huzama na vilima huinuka, hata mtu hunyosha kidole aviguse.