Tanzia: Kura ya Elliott (1872–2016)

Usiku wa tarehe 8 Novemba 2016 ilifariki dunia kura ya chama cha Democratic ya kaunti ya Elliott, jimbo la Kentucky, Marekani. Ilikuwa na umri wa miaka 144. Maskani yake yalikuwa Sandy Hook, mji wa watu mia kadhaa katika vilima vya Appalachia, makao makuu ya kaunti isiyofikia wakazi elfu nane.

Kaunti iliundwa 1869. Tangu uchaguzi wake wa kwanza wa rais, wa 1872, hadi ule wa 2012, chaguzi 36 mfululizo, haikumpa ushindi mgombea wa Republican hata mara moja. Hakuna kaunti nyingine iliyokishika chama cha Democratic kwa mfululizo mrefu namna hiyo.

Tanzia ya haki haifichi ukoo. Chama hicho ndicho kilichowanyang'anya watu weusi wa Kusini haki ya kupiga kura, kwa kodi na mitihani ya kusoma, na marehemu alizaliwa humo. Lakini Wazungu wa Kusini walipoanza kukihama chama kwa hasira ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, Mississippi ikimpa Barry Goldwater wa Republican asilimia 87, marehemu hakuhama. Richard Nixon wa Republican alichukua majimbo 49 mwaka 1972. Elliott ilimchagua George McGovern wa Democratic. Ronald Reagan wa Republican alichukua 49 mwaka 1984. Elliott ilimchagua Walter Mondale wa Democratic. Na 2008, kaunti ambayo karibu wakazi wake wote ni weupe ilimpa Barack Obama wa Democratic asilimia 61. Wanaoamini kwamba rangi peke yake inaeleza siasa za vilima hivyo wana deni la kuueleza mwaka huo.

Kilichomshikilia marehemu, kwa maoni yangu, ni tumbaku. Miaka ya 1930 serikali ya Rais Franklin Roosevelt wa Democratic iliweka mgao: kila shamba lilipewa kiwango chake cha kuuza, na bei ikalindwa isianguke. Mgao ulifuata ardhi, kwa hiyo aliyerithi shamba alirithi na haki ya kuuza. Vishamba vya mlimani, ambavyo visingeweza kushindana na mashamba makubwa ya tambarare kwa zao lingine lolote, vilimpa mkulima fedha taslimu kila majira ya baridi. Babu aliyeona bei ikiporomoka kabla ya Roosevelt hakuhitaji hotuba. Aliwaambia wanawe, nao wakawaambia watoto wao.

Kulikuwa na kamba ya pili. Kentucky hufanya kura za mchujo mwezi Mei, na asiyejiandikisha katika chama haruhusiwi kuchagua wagombea wake. Huko Sandy Hook sherifu, mkuu wa jela na karani wa kaunti walitoka Democratic, hivyo mambo yaliamuliwa Mei. Aliyetaka kuwa na sauti kuhusu sherifu, ambaye pengine ni binamu yake, alijiandikisha huko.

Wengi husema marehemu aliuawa na Donald Trump. Mimi naona ugonjwa ulianza 2004, Bunge la Marekani lilipofuta mgao wa tumbaku na Rais George W. Bush akatia sahihi. Wenye migao walilipwa dola 7 kwa kila ratili, kidogo kidogo kwa miaka kumi, na malipo yakakoma 2014. Mwishoni mwa 2015 tanuru kuu la kiwanda cha chuma likazimwa Ashland, mji ambao watu wa vilima waliuendea kutafuta ajira. Mwaka 2012 Obama alikuwa bado ameshinda Elliott, asilimia 49 kwa 47. Miaka minne baadaye Hillary Clinton alipata 26, Trump 70.

Imani, bunduki na makaa ya mawe vilikuwa na nguvu ya kuwavuta watu kwa Republican, sikatai. Lakini vilikuwapo mwaka 2000 pia, na Al Gore wa Democratic alishinda hapo. Kilichokuwa kimeondoka ni faida ambayo mkulima angeweza kuishika mkononi na kusema: hii imetoka kwa chama changu. Na chama kilichopokea ushindi mara 36 hakikuleta kitu cha kuziba pengo la tumbaku. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Marehemu ameacha jamaa. Rocky Adkins wa Sandy Hook, aliyeingia Baraza la Wawakilishi la Kentucky 1987, aligombea kuteuliwa na Democratic kuwa gavana mwaka 2019, akashindwa na Andy Beshear. Novemba hiyo Beshear alishinda ugavana, na Elliott ilimpigia kura: alikuwa mtu wa Kentucky, akizungumzia pensheni za walimu na hospitali za vijijini. Adkins akaenda kuwa mshauri wake. Februari 2020 kiti alichokiacha kilichukuliwa na Republican, na Novemba Trump akapata karibu robo tatu ya kura za Elliott.