Lugha ya Kuombea Maji

Katika wodi ya wazee ya hospitali moja ya kusini mwa Uingereza, miaka mingi iliyopita, alikuwapo mgonjwa Mpoland aliyefika nchini humo baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Alikuwa fundi saa. Kiingereza chake kilimtosha kwa kazi, kwa ndoa na kwa ugomvi na majirani. Alipopatwa na maradhi ya kusahau, lugha hiyo ilimtoka kidogo kidogo, mpaka ikafika usiku mmoja akawa anaita neno moja tu ambalo hapana muuguzi aliyelifahamu. Walimpima homa, wakamgeuza, wakampa dawa ya maumivu. Asubuhi alikuja jamaa yake kumzuru, akasimama mlangoni, akasikiliza, akasema: anataka maji.

Mmoja wa wauguzi wa zamu ile alikuwa binti wa Kiunguja, mzaliwa wa Malindi wa mwaka 1955, aliyekwenda Uingereza kusomea kazi hiyo akiwa na umri wa miaka kumi na tisa. Jambo lile hakulisahau, ila alilifungia mahali kama mtu anavyofungia barua asiyotaka kuijibu. Halikufunguka hadi mwaka 2021, alipostaafu akiwa mjane wa miaka sitini na sita na watu wakaanza kumwuliza: sasa utakwenda kukaa wapi?

Nchi ya kustaafia huchaguliwa kwa hesabu. Waingereza aliofanya nao kazi walikwisha kupiga zao. Wengine Uhispania, wengine Ureno. Waliulizana habari za jua, bei ya nyumba, umbali wa uwanja wa ndege. Habari za lugha hawakuulizana, kwa kuwa Mwingereza popote aendapo hutarajia kusikilizwa kwa Kiingereza. Hiyo nayo ni mali, ingawa haiandikwi katika wasia.

Yeye alikuwa na nchi tatu mbele yake: kubaki alipo, kwenda Maskati kwa binamu zake, au kurudi Unguja. Na hesabu, kama ilivyo ada yake, ilianza kwa kumtisha. Pensheni ya serikali ya Uingereza hulipwa popote duniani, lakini haipandi popote. Aliyebaki Uingereza, au anayeishi katika nchi za Umoja wa Ulaya, au Marekani, au katika nchi chache nyingine zilizofunga mapatano, huongezewa kila mwezi wa Aprili. Tanzania na Oman hazimo. Anayehamia huko husimama pale pale alipofikia, mpaka kaburini. Mwaka 2021 kiwango kamili kilikuwa pauni 179.60 kwa wiki. Katika mwaka wa fedha wa 2025/26 kilifika pauni 230.25. Maana yake, mwenye kupata kiwango hicho, lau angefunga mizigo siku ile ile ya kustaafu, kila wiki ingempungukia pauni 50.65, na pengo lingezidi kupanuka mwaka baada ya mwaka, wakati ambapo mwili nao unazidi kudai. Annette Carson, Mwingereza aliyehamia Afrika Kusini, alilipeleka shauri hili mahakamani. Akashindwa katika Baraza la Malodi mwaka 2005, akashindwa tena katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mwaka 2010. Majaji wana hoja zao. Lakini ni vigumu kumweleza muuguzi mstaafu kwa nini michango iliyokatwa kwa kipimo kimoja ilipwe kwa vipimo viwili. Hata matibabu ya bure katika hospitali alizozitumikia zaidi ya miaka arubaini ni haki ya mkaazi. Akihama, anaiacha mlangoni.

Ama Unguja, tatizo lake la kwanza lilikuwa ni kwamba kwa sheria Unguja ni ugenini. Katika miaka ya themanini alichukua uraia wa Uingereza, na sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Serikali imeandaa hadhi maalumu kwa wenye asili ya nchi waliochukua uraia wa kwingine, lakini hadhi si uraia. Alipokwenda mara ya mwisho alisimama katika mstari wa wageni, nyuma ya vijana wa Kizungu waliokuja kupiga mbizi, akalipa dola 50 za viza, mbali na dola 44 za bima ya safari ambayo tangu Oktoba 2024 hutakiwa kwa mgeni anayeingia Zanzibar. Kitovu chake kimezikwa mwendo mfupi wa gari kutoka meza ile. Afisa alimkaribisha kwa adabu, kwa Kiingereza. Yeye akamjibu, "Ahsante mwanangu, mimi wa hapa hapa," na kijana wa watu akainamisha kichwa na kuendelea kugonga muhuri.

Wenzake aliosoma nao chuoni walikuwa wamefikia umri wa pensheni jamii, ile iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 2016 kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, ikianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Fedha haba, na yeye hakuihitaji. Kilichomchoma ni kuona kwamba orodha ya wazee wa mji ipo na jina lake halimo.

Mdogo wake hakuwa na mashaka yoyote. "Dada, njoo, chumba kipo. Ukiumwa tutakuuguza, ukizidi tutakupeleka Dar es Salaam, na ukizidi tena, Mungu yupo." Mtu aliyeishi maisha yake yote wodini anajua ni mambo gani yamo ndani ya maneno "ukizidi tena".

Maskati aliimaliza upesi zaidi. Kiswahili kilivuka bahari kikafika huko na watu waliorudi baada ya 1970, na hadi leo ziko baraza ambamo mazungumzo yote ni Kiunguja kitupu. Lakini wenye baraza hizo ni wazee kama yeye. Wajukuu wao husalimia kwa Kiswahili, kisha hurejea kwenye Kiarabu chao, na atakayemwuguza mzee ni mjukuu.

Hapo ndipo neno la yule Mpoland liliporudi. Kwamba kumbukumbu mpya hutangulia kuondoka na za kale hubaki nyuma, Mfaransa Théodule Ribot alikwisha kuliandika mwaka 1881, na wanaotunza wazee wa kigeni hulikuta kazini: mara nyingi lugha ya ukubwani hulegea kwanza, ya utotoni hushikilia. Kwa hiyo achaguaye nchi ya uzee anachagua pia masikio. Hilo si la watu wadogo peke yao. Sultani Jamshid bin Abdulla, aliyepinduliwa Januari 1964 na kuishi Portsmouth zaidi ya nusu karne, alipata ruhusa ya kuhamia Oman mwaka 2020, akiwa amekwisha kuvuka tisini, akafia Maskati Desemba 2024. Wengi waliitazama safari ile kwa jicho la siasa. Muuguzi aliiona ni ya mzee anayetafuta pa kuitia usiku. Na Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kuolewa na Mjerumani, alipoona mlango wa Unguja haumfungukii na baridi ya Ujerumani haimzoei, alikwenda kukaa Bairuti tangu 1892 hadi 1914. Kiarabu cha Bairuti si kile cha Mtoni, lakini huenda kilimtosha. Vita ndivyo vilivyomrejesha Ujerumani, na huko akafa, mjini Jena, Februari 1924.

Lakini Salme alizungumza na wanawe kwa Kijerumani, na hapo muuguzi alijiona katika kioo. Wanawe wawili wanakaa karibu naye, na ndio hasa sababu ya kutotaka kuhama. Walipokuwa wadogo, skuli waliyosoma ilimshauri kwa upole aache kusema nao Kiswahili nyumbani, wasije wakachanganyikiwa. Naye alikuwa mgeni, mwenye zamu za usiku, mwenye kuwaamini walimu. Akaacha. Watoto wakakua na Kiingereza kisichokuwa na dosari, na Kiswahili cha majina ya vyakula na maneno ya kukemea. Lau angezeeka vibaya, watu wawili anaowapenda kuliko wote duniani wangesimama kitandani pake kama walivyosimama wauguzi wa Mpoland: wakimgeuza, wakimpa dawa.

Mwishowe amebaki Uingereza, na kila kipupwe huenda Unguja kwa miezi mitatu, kwa viza ya mgeni. Uamuzi huo haukumfurahisha mtu yeyote. Mdogo wake alinuna wiki mbili.

Januari moja, kabla ya safari, aliketi na wanawe jikoni akaandika karatasi. Maji. Baridi. Nigeuze. Panauma hapa. Nataka choo. Funga dirisha. Nani huyo? Kila neno akaliwekea maana yake kwa Kiingereza, kisha akawasomesha kama alivyosomeshwa yeye alifu na bee. Mwanawe mwanamme alikwama kwenye "nigeuze", akairudia mara tano huku akicheka, mara ya sita hakucheka. Binti akauliza kama kuna neno lililosahauliwa. Mama yao akafikiri, akaandika "nipepee". Akaeleza kipepeo cha ukindu, na mamake mzazi alivyokuwa akimpepea jioni za kaskazi mpaka mkono ukamlegea kwa usingizi. Binti akasema kwa upole kwamba nyumba ile haina joto, hata kiangazi. Akaikata kwa kalamu. Baadaye, walipokwisha kuondoka, akaiandika upya chini kabisa ya karatasi.