Daraja la Tano

Mimi ni mzee wa kanisa hapa Kihurio, na kwa miaka mingi nimefundisha Shule ya Sabato. Naandika habari hii kwa sababu kijana wangu alilishika fundisho langu, nami nikamkasirikia.

Alikuwa bado mdogo Juni 2019, Taifa Stars walipokwenda Misri kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, mara ya kwanza tangu mwaka 1980. Mechi ya kwanza, dhidi ya Senegal, iliangukia Jumapili, kwa hiyo tulikwenda pamoja kuitazama. Tulifungwa mbili bila. Watu wote walikuwa wakimtaja Mbwana Samatta. Kijana wangu alikuwa ameshika jina jingine kwenye kikosi: Adi Yussuf.

Njiani akanieleza habari zake. Yussuf alizaliwa Zanzibar mwaka 1992, akakulia Uingereza, akafundishwa mpira katika timu ya vijana ya Leicester City. Kutoka hapo akapita Burton Albion, Lincoln City, Oxford City, Mansfield Town, Barrow na kwingineko. Mara asajiliwe, mara aazimwe, mara aachwe. Alipoitwa Taifa Stars alikuwa Solihull Moors, timu ya daraja la tano. Juu yake kulikuwa na Ligi Kuu na madaraja mengine matatu.

"Daraja la tano!" nikacheka. "Wewe utafika la kwanza."

Tangu siku ile nikaanza kuuombea mguu wake wa kushoto. Sikumwombea hekima wala subira. Niliuombea mguu.

Alipofika miaka kumi na tisa, timu moja ya mjini ilimwita kwa majaribio. Niliuza magunia mawili ya mpunga, nikampa nauli na ya kula. Wiki ya tatu wakampanga kwenye mechi ya Jumamosi. Akamwambia mwalimu wao kwamba siku hiyo hachezi. Hawakumfokea, ila hawakumpanga tena. Akarudi nyumbani na begi lake.

Aliponisimulia, maneno yaliyonitoka ni haya: "Ungeniuliza kwanza."

Mama yake aliacha kupepeta mchele, akanitazama. Kijana akajibu kwa upole, "Ningekuuliza nini, baba? Ulishaniambia tangu nina miaka sita."

Sikuwa na jibu, na hasira ikabaki. Kanisani watu walipouliza anachezea timu gani siku hizi, nilisema anapumzika. Nilimwonea aibu mtoto aliyefanya nilichomfundisha.

Usiku mmoja tulikuwa shambani tukingojea zamu yetu ya maji. Mfereji ulikuwa mkavu bado, tumekaa kwenye tuta na tochi moja. Nikamwuliza kwa nini bado anaamka alfajiri kukimbia, na hakuna timu inayomtaka.

"Baba, unamkumbuka Adi Yussuf? Tangu Leicester hadi Misri ni miaka mingi. Hakuna aliyemwambia kwamba ataitwa. Alikwenda mazoezini tu."

"Lakini yeye alicheza Jumamosi," nikasema. Nilitaka kumshinda.

"Ndiyo. Uingereza mechi nyingi ni Jumamosi. Njia yake siyo yangu. Nilichojifunza kwake ni kucheza vizuri pale nilipo."

Wapendwa, mara ngapi nimefundisha Danieli sura ya 3! Wale vijana watatu walimwambia mfalme kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa, na hata asipowaokoa hawatasujudu. Mimi siku zote nilikimbilia mwisho, pale wanapotoka motoni bila hata harufu ya moshi. Ile "hata asipowaokoa" niliipita haraka. Nilitaka utii wa mwanangu ulipwe kwa kupandishwa daraja, na ulipokosa kulipwa nikaona kama Mungu amenidhulumu magunia yangu mawili.

Hata safari ile ya Misri haikuisha kwa kombe. Tulifungwa na Kenya tatu kwa mbili, na Algeria tatu bila, tukarudi bila pointi. Na Yussuf akarudi Uingereza kuendelea na kazi yake.

Kabla maji hayajafika nilimwomba mwanangu msamaha. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Yameisha, baba." Tukasikia maji yanakuja, tukashika majembe.

Sasa anacheza timu ya hapa kijijini, na jioni anawafundisha watoto. Sijui kama ataitwa tena popote, na nimeacha kumdai Mungu tarehe. Jumapili iliyopita nilikaa pembeni ya uwanja. Ndugu mmoja wa kanisani akaja kunisalimu, akauliza kama kawaida: kijana anachezea timu gani siku hizi?

Nikamwonyesha kwa kidole. "Hii hapa."