Rasi, Joho na Sitara

Neno la Kiingereza cape lina maana mbili ambazo kwa mtazamo wa kwanza hazina udugu. Moja ni rasi, ncha ya nchi kavu iliyojitokeza baharini. Ya pili ni vazi lisilo na mikono linaloning'inia kutoka mabegani. Wajuzi wa lugha hueleza kuwa ni maneno mawili yaliyopitia njia tofauti: la kwanza asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kichwa, na la pili ni cappa, jina la vazi.

Lugha yetu haikuyachanganya. Rasi tumeipokea kutoka Kiarabu, nako pia maana yake ni kichwa. Ndiyo iliyomo katika rasilimali, kichwa cha mali. Vazi la mabegani tunaliita joho, na mama zetu wana buibui na kanga. Hata hivyo, mimi niliyelelewa miongoni mwa wavuvi naona udugu kati ya viwili hivi. Kusi inapochafua bahari, nahodha hutafuta upande wa rasi usiopigwa na upepo, akatia nanga. Rasi haimwulizi kwa nini tanga lake limechanika. Humsitiri kwanza.

Mwaka 1694 Waholanzi walimleta Sheikh Yusuf wa Makassar, akiwa mfungwa, kwenye Rasi ya Tumaini Jema. Walimweka Zandvliet, mbali na mji, ili asiwe na wafuasi. Lakini watumwa waliotoroka walimwendea, na makazi yake yakawa kimbilio lao hadi alipofariki mwaka 1699. Aliyenyimwa kwao akawa sitara ya wengine.

Katika sira tunasoma kwamba Mtume (s.a.w.) aliporejea kutoka pango la Hira akitetemeka, aliomba afunikwe. Bibi Khadija (r.a.) hakuanza kwa maswali, alifunikwa, hofu ikamtoka, ndipo mazungumzo yakafuata. Na Qur'ani imewafananisha mume na mke na vazi, kila mmoja kwa mwenzake.

Hayo niliyaona kwa macho yangu nyumbani kwetu. Dada yangu alirejea baada ya kuachwa na kumaliza eda yake, mtoto mgongoni na sanduku moja mkononi. Barazani majirani walikuwa tayari, kila mmoja na swali lake. Mama alitoka, akavua kanga aliyojitanda, akamfunika binti yake mabega na kumwingiza ndani. Waliomwuliza aliwajibu maneno matatu: "Mwanangu amekuja kwao." Mpaka leo hakuna jirani aliyekisikia kisa cha ndoa ile kutoka kinywani mwake.

Siku hizi habari ya mtoto aliyeachika, au aliyefukuzwa kazi, huwahi kuenea katika makundi ya simu ya ukoo kabla mwenyewe hajafika mlangoni. Akifika, hukuta hukumu imekwisha kutolewa. Mtoto wa namna hiyo safari ijayo hatarudi nyumbani; atatafuta bandari nyingine, na si kila bandari ina salama.

Wazazi wenzangu, nasaha zina wakati wake, na makosa yana mahali pa kusahihishwa. Lakini anayerudi akiwa amelowa hupewa kwanza nguo kavu. Mwenyezi Mungu atusitiri, na azijaalie nyumba zetu ziwe sitara kwa watoto wetu. Amin.